Umeoa au Umeolewa?

Mimi kazi yangu katika kundi letu la maigizo ni kunong'oneza. Wenzangu wanapanda jukwaani wanapigiwa makofi. Mimi nakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya pazia la pembeni, mchezo mzima uko mapajani kwangu, na mtu akisahau maneno namnong'oneza. Nikifanya kazi vizuri hakuna anayejua kama nipo. Na mimi nilivyo na mdomo, watu wanaonifahamu hawaamini hata kidogo.

Kundi ni dogo. Yuko Mwalimu, mama anayefundisha shule ya hapa jirani, ndiye anayetunga michezo na kutuongoza, na kwa kuwa hatutoshi anaigiza pia. Wako vijana wawili wanaogeuka kuwa wajomba, polisi au wagonjwa, inategemea wamevaa kofia gani. Yuko fundi wa taa, mtu asiyesema ila "haya". Halafu yuko mume wangu.

Mume wangu kila mtu anamwita Masihara, hata mama yangu mzazi. Huyu bwana amewahi kuchekesha watu msibani, na wafiwa wakamshika mkono kumshukuru. Akipanda jukwaani, kabla hajafungua mdomo watu wameshaanza kujishika mbavu. Nyumbani sasa, sifa hiyo ina uzuri wake na ina kero zake. Ukimuuliza jambo zito anakuchekesha, ukija kushtuka umeshasahau ulichouliza, na yeye ameshatoka zake anafagia uani. Nimemfokea kwa hilo mpaka koo limenikauka.

Mwalimu ana sheria yake kuhusu kunong'oneza, na haina mjadala. Nisitoe neno zima. Natoa kichwa chake tu, mwigizaji amalizie mwenyewe. Anasema mtu ukimpa neno zima analirudisha kama kasuku, lakini ukimpa kichwa inabidi alitafute lililobaki ndani yake. Nilibisha siku za mwanzo, maana kubisha nako ni kipaji. Baadaye nikaona yuko sahihi. Namwambia mtu "kwa he..." na naona mgongo wake unanyooka, neno linampanda, analisema kama vile ndiyo kwanza limezaliwa.

Sheria hiyo haikuwahi kutuletea shida mpaka Mwalimu alipotunga mchezo wa Mume wa Mtu.

Mchezo wenyewe ni hivi. Mwanamke ni dereva wa lori la safari ndefu. Mumewe ameacha kazi, anakaa nyumbani analea mtoto, anapika, anafua, wala halalamiki. Wajomba zake wanapata habari, wanakuja wamekunja sura, wanamkalisha kitako. Mjomba mkubwa anamuuliza, "Wewe umeoa au umeolewa?" Na yule mume, mtoto yuko begani, anajibu neno moja tu. "Nimeolewa." Mchezo wote unasimama juu ya neno hilo.

Wewe na mimi tunajua lugha yetu ilivyoamua zamani. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Mmoja anatenda, mwenzake anatendwa. Mwanamume ukimwambia ameolewa hujampa habari, umemtukana. Siku Mwalimu alipotusomea ukurasa ule vijana walitazamana, na fundi wa taa akasema "haya" kwa sauti ya mtu anayetafuta mlango ulipo.

Na kulisema apewe nani? Masihara.

Niliona Mwalimu amenikosea adabu, na nikamwambia hivyohivyo. Kwa sababu neno lile mume wangu haliigizi, analiishi. Nyumba tunayokaa ni yangu, niliachiwa na baba. Chumba cha mbele nimefanya duka la kutoa kopi na kupiga chapa. Chumba cha nyuma analala mama, ambaye miguu yake haimbebi tena. Tulipofunga ndoa, Masihara ndiye aliyehamia kwangu, na sanduku lake moja na brashi zake, maana kazi yake ni kupaka rangi nyumba za watu. Kazi ikiwepo anakwenda. Isipokuwepo anapika, na kila asubuhi anambeba mkwewe na kiti chake anamtoa juani, wanateta watu mpaka jua linakuwa kali. Mtaani wanamsema ameolewa. Anacheka nao, anawaambia ni kweli, tena ameolewa pazuri kuliko dada zao. Mzaha haumshindi.

Ila mbele ya kaka yake hata mzaha unamkimbia. Mbele ya kaka yake anakuwa mtoto aliyevunja sahani.

Kaka mtu ni fundi mkuu wa ujenzi, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Ndiye aliyemlea Masihara baada ya wazazi wao kufariki, akaacha shule ili mdogo wake asome, kwa hiyo siwezi kusema ni mtu mbaya, ingawa nimejaribu. Linalomkata maini ni kwamba amejenga nusu ya mji huu, na mdogo wake wa pekee analala chini ya bati la mkewe. Mimi ananiita mwenye nyumba. "Mwenye nyumba hajambo?" Namjibu, "Hajambo, na wapangaji wake hawajambo." Ndiyo salamu zetu, miaka nenda rudi.

Basi wiki zile tulizokuwa kwenye mazoezi, kaka mtu alimaliza kibanda kizuri cha vyumba viwili kwenye kiwanja cha ukoo. Alikuja dukani, hakukaa. Aliweka funguo kwenye kiganja cha mume wangu, akamkunjia vidole.

"Hii ni yako," akamwambia. "Mkeo akitaka kuja, aje. Asipotaka, njoo wewe. Nataka jibu la mwanamume."

Nilikuwa nimesimama palepale na karatasi za mteja mkononi. Mimi siwezi kwenda. Mama hawezi kuhamishwa, na duka likihama kutoka barabara ile limekufa. Masihara anajua, na kaka yake anajua. Kwa hiyo zile funguo hazikuwa zawadi, zilikuwa zinamwambia achague. Usiku nilimuuliza atafanyaje. Akasema anafikiria kumwomba kaka yake apanue mlango ili mdomo wangu upite. Nikacheka, mpuuzi huyu, nikacheka kweli. Halafu nikajifungia bafuni nikalia na kufungulia maji ili asisikie. Funguo zikabaki kwenye mfuko wa koti lake, na kila alipolivaa nilizisikia.

Mazoezini neno lile likawa linamshinda. Akifika pale anabinua kiuno, anabana sauti, anasema "nimeolewaaa" na kope anazipepesa, na wale vijana waliovaa kofia za wajomba wanavunjika mbavu. Mwalimu hakucheka hata siku moja. "Ukiwachekesha hapo," alimwambia, "wataondoka na kicheko tu. Wataona tulikuwa tunatania."

Siku moja akajaribu kulisema sawasawa. Mjomba akauliza. Masihara akafungua kinywa, kikabaki wazi. Nikangoja, kisha nikafanya kazi yangu, nikampa kichwa: "Nimeo..." Akarukia kama mtu aliyerushiwa kamba majini, akasema, "Nimeoa!"

Vijana walianguka chini kwa kicheko. Mimi nilibaki nimeganda na kidole kwenye mstari, kwa sababu ndipo nilipoona kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekiona. Maneno yale mawili kichwa chake ni kimoja. Ukisema "nimeo" hujasema unakwenda wapi. Nikamwendea Mwalimu, nikamwambia hapa lazima sheria ilegezwe, nimpe neno zima. Alifikiri kidogo, akatikisa kichwa. "Mpe hilohilo. Atakakoelekea aelekee mwenyewe."

Tulionyesha mchezo Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa shule, madirisha tumeyaziba kwa mashuka meusi. Watu walijaa kuliko tulivyotegemea, maana jina la mchezo lilishapita mtaani likiwa limetiwa chumvi. Nikachungulia kwenye upenyo wa pazia. Mstari wa mbele, katikati, alikuwa amekaa kaka mtu na shangazi yao. Amevaa suti. Mikono ameikunja kifuani, anaitazama meza yetu ya kukunja kama anayekagua kazi ya fundi mwingine.

Nikageuka, nikamkuta Masihara anajifunga aproni.

"Kaka yako yupo."

"Najua. Nimemwalika mimi."

"Wewe? Una akili timamu?"

"Si alitaka jibu," akasema.

"Jibu lipi?"

Alikaza kamba za aproni. Na hakunichekesha. Nikamtazama usoni nikitafuta mzaha ulipojificha, sikuuona, na hapo ndipo nilipoogopa. Kama angesema anarudi kwao asingelisema kwa mzaha pia.

"Sikiliza," nikamwambia, "ukikwama, sema nimeoa. Mchezo utaendelea tu. Hakuna atakayekufa."

"Wewe nipe kichwa," akasema, akamchukua mtoto.

Mtoto wetu wa mchezo ni kitita cha nguo kilichofungwa kwenye kanga. Wengine wakimshika wanamshika kama mzigo wa sokoni. Yeye aliweka kiganja chini ya kichwa kisichokuwepo, akaanza kumbembeleza hapohapo gizani, kabla mtu yeyote hajamwona.

Taa za ukumbi zikazimwa. Nimekaa kwenye kiti kile mara nyingi, na dakika hiyo sijaizoea mpaka leo. Watu waliokuwa wanagombania viti, wanaotafuna, wanaopiga domo, wananyamaza wote kwa pamoja. Taa moja inawaka juu ya meza na viti viwili vya kuazima, na ukumbi mzima unakubali kwamba pale ni nyumbani kwa mtu. Hakuna aliyewalazimisha. Mwili wangu husisimka kila mara.

Siku ile ulisisimka zaidi, kwa sababu mume wangu alikuwa mtu mwingine. Mimi kutoka pembeni namwona mgongo, sikio moja na mkono. Namjua kwa mgongo kuliko wengi wanavyowajua waume zao kwa sura. Alipika, alikunja nguo, alimwimbia mtoto, na watu walicheka palipostahili, lakini hakuongeza kitu. Hakubinua wala hakukonyeza. Kicheko kilipokuja alikiacha kipite kama mtu anayesubiri gari lipite avuke. Nikajiuliza huyu mtu alikuwa wapi siku zote hizi, na mbona nimelala naye kitanda kimoja sijawahi kukutana naye.

Wajomba wakaingia. Wakakaa. Mwalimu, aliyeigiza mke, alikuwa amesimama mlangoni na funguo za lori, ametoka safari. Mjomba mkubwa akakohoa, akauliza.

"Wewe umeoa au umeolewa?"

Kimya.

Naijua mimi tofauti ya kimya cha mwigizaji na kimya cha mtu aliyesahau. Hiki hakikuwa cha kwanza wala cha pili. Uso ulikuwa umeelekea mstari wa mbele. Ukumbi ulianza kunong'ona, mtu mmoja nyuma akaguna, na mimi kidole kiko juu ya mstari, roho iko juu. Ningeweza kumpa neno zima, lolote kati ya yale mawili, na lingekuwa langu.

"Nimeo..." nikanong'ona.

Mgongo ukanyooka.

"Nimeolewa."

Alilisema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuniambia chumvi imekwisha. Ukumbi ukalipuka. Walicheka wakapiga viti, walipiga mluzi, kuna mama alipiga vigelegele. Masihara huyu ninayemjua mimi, mtu aliyelishwa na kicheko tangu utoto, angekipokea kile kicheko kwa mikono miwili na kukiongezea. Hakusogea. Alisimama na kitita chake begani akingoja, na kadiri alivyongoja ndivyo kicheko kilivyokosa pa kushika. Kilipungua upande huu, kikapungua upande ule, wakabaki wawili watatu, nao wakajisikia vibaya wakanyamaza. Sikujua kama mtu anaweza kuwashinda watu wengi kiasi kile kwa kusimama tu.

Kisha akafanya kisichoandikwa. Akapiga hatua mbele, mpaka ukingoni mwa jukwaa.

"Kaka," akasema. "Nimeolewa."

Nilifunua karatasi kama mwehu, ingawa nilijua hayamo. Mwalimu hakutikisika. Vijana walivua kofia, sijui kwa nini. Pale mstari wa mbele kaka mtu alisimama taratibu, na watu wa nyuma hawakujua kama naye ni mchezo, kwa hiyo hakuna aliyekohoa.

"Funguo zangu ziko wapi?" akauliza.

"Ziko nyuma hapa, mfukoni mwa koti. Nitakupa mchezo ukiisha."

"Umefikiri?"

"Nimefikiri, kaka."

Kaka mtu alibaki amesimama. Shangazi alimvuta koti akae, hakukaa. Nilimwona kwa upenyo, ile mikono yake mikubwa inaning'inia haijui pa kwenda, na nilisubiri alaani. Nilikuwa tayari. Miguu yangu ilikuwa imeshaanza kunyanyuka, maana angefungua mdomo vibaya ningetoka pale nyuma na kitabu changu, mchezo uharibike, liwalo na liwe.

"Anakutunza?" akauliza.

Swali hilo nalifahamu. Ndilo baba yangu alilouliza huku analia alipomtembelea dada yangu mara ya kwanza kwa mumewe. Mwanamume haulizwi hilo. Na kaka mtu nadhani alipolianza alitaka kukejeli, nilisikia lilivyoanza na makali. Lakini likamgeuka mdomoni, likatoka likiwa swali la kweli, la mtu aliyemlea mtoto akamkabidhi kwa watu asiowajua. Ukumbi ulisikia. Nilisikia mtu akivuta pumzi upande wa pili wa pazia.

Masihara alifikiri. Alifikiri hasa, mpaka nikaona aibu.

"Ananifokea," akasema. "Asubuhi mpaka jioni. Kwa mambo ambayo mengine hata sijayafanya." Watu wakacheka kidogo, na safari hii naye alitabasamu. "Lakini nikiumwa, kaka, halali. Na nikinyamaza ananiuliza. Wewe ulinilea, unajua hakuna anayeniuliza nikinyamaza, wananisubiri nichekeshe. Yeye ananiuliza mpaka nakasirika. Ananitunza."

Mimi sikuwa nalijua hilo. Nilijua nilikuwa nauliza. Sikujua kama kuuliza kwangu, kule nilikokuita kufoka, mtu alikuwa anakuhesabu kuwa ni kutunzwa.

Kaka mtu alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi, kama mtu anayepima kitu na kukirudia. Alikuwa analia, na hakujifuta.

"Basi," akasema. "Tumesikia."

Tumesikia, alisema. Yeye na shangazi na wote waliolala makaburini kwao. Akakaa, akarudisha mikono kifuani.

Mstari uliofuata ulikuwa wa Mwalimu na Mwalimu hakuwa na sauti. Nilitafuta mstari nimpe kichwa, sikuuona kwa machozi. Masihara akamhamishia mtoto bega la pili, akavuta kiti, akamwambia, "Keti, mke wangu, umechoka na barabara," na mchezo ukaendelea kuanzia hapo, bila kitabu na bila mimi. Nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki nalia kama mtoto. Miaka yote nilidhani mimi ndiye niliyempa huyu mtu mahali pa kukaa. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa amenichagua, na sasa amenichagua tena mbele ya ukoo wake, mchana kweupe.